Miguu ya Kuku wa Bi Time

Siku ya khitma ya shangazi yangu, Bi Mize, nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miaka arubaini na zaidi. Wanaume walikwishakula na kuondoka, masinia yamerudi uani yana mifupa na punje za pilau, nasi wanawake tumejinyoosha kwenye mikeka tukivuta nguvu za kuosha vyombo. Kuku akapita na vifaranga wake wakidonoa ukoko. Nikanyoosha mkono, nikamdaka kifaranga mmoja, nikamshika taratibu kiganjani, nikamleta usoni na kumgusisha paji lake kwenye mdomo wangu wa chini. Msichana wa mjini aliyekaa kando yangu alinitazama kwa wasiwasi. Nadhani aliona msiba umenipanda kichwani. Lakini upande wa pili wa ua palikuwa na mwanamke mwingine, mtu mzima kama mimi, mwenye miwani mizito, naye akaweka kikombe chini. Akaniuliza, "Bapa, au ana uzi?" Nikamjibu kuwa ni bapa. Ndivyo nilivyomtambua Riziki, niliyekaa naye dawati moja darasa la saba, na ambaye sura yake ilikuwa imenitoka kabisa.

Nimefanya kazi kwenye maabara ya hospitali mpaka nikastaafu. Kazi yenyewe ni kutazama vitu vidogo kwenye hadubini na kuandika ni nini, bila kupendelea. Watu wakiniuliza nilisomea wapi huwaambia Unguja, na cheti kinasema hivyo. Ila ukweli ni kwamba nilisomea kwenye sanduku la chai, Wete, mwaka ule mmoja. Na yapo mawili niliyoyapata mwaka ule ambayo hayamo kwenye cheti: moja ni ile hamu ya kujua kitu ni nini hasa, isiyoniacha hata mbele ya sahani ya pilau, na la pili nitalieleza likifika mahali pake.

Darasa letu lilikuwa la mwisho kwenye banda refu la mabati, nalo lilinuka mafuta ya taa mwaka mzima. Hiyo ilikuwa miaka kadhaa baada ya Mapinduzi, miaka ya foleni, mafuta yenyewe yakija dukani kwa siku na kwa bahati. Mwalimu Haji alikuwa ametoka Unguja, kusini kule, na alipotoa salamu ya kwanza tu darasa zima lilijua si mwenzetu. Naye alipotusikia tukiitikia alitabasamu, kwa sababu na yeye alitujua. Alikuwa mwembamba, mwenye suruali moja ya kahawia, na alikuwa na tabia ambayo sikuwahi kuiona kwa mwalimu: asipojua kitu alisema hajui. Siku moja aliingia na masanduku mawili ya chai, moja kubwa na moja dogo. Akaliweka dogo ndani ya kubwa, katikati tukashindilia sufi iliyotoka kwenye mito ya nyumbani kwetu. Chini tukaweka kandili, juu yake bati la kutawanya joto, pembeni kibakuli cha maji, na mbele kioo kilichotoka kwenye fremu ya picha. Kipimajoto kilikuwa cha hospitali, kile kile cha kutiwa kwapani. Mayai yanataka homa kidogo, alitueleza, homa ya mtu ambaye hajaamua bado kwenda hospitali.

Kila mwanafunzi aliambiwa alete mayai mawili na aseme ni ya kuku wa mbegu gani. Mwalimu alikuwa na kitabu chenye picha za kuku wa Ulaya, wanene, kila mmoja na jina lake chini, na hapakuwa na hata mmoja ambaye tulipata kumwona. Alikifunga akatwambia tutengeneze chetu. Basi ubaoni tukaandika wa kwetu: kishingo, yule mwenye shingo tupu, kidimu, ambaye manyoya yake yamejikunja kwenda mbele, kibutu asiye na mkia, na kuchi, mrefu, kifua mbele, anayesimama kama mtu aliyeudhiwa. Waliobaki Riziki aliwapa jina la "kuku tu", na Mwalimu akaliandika hivyo hivyo. Kisha tukayaandika mayai kwa penseli, jina la mwanafunzi upande mmoja na jina la kuku upande wa pili, na kila siku mara tatu tuliyageuza kwa zamu, jina juu, jina chini. Karibu kila mtu alisema kuku wao ni kuchi. Mwalimu aliuliza mbona Wete nzima ina kuchi na yeye barabarani haoni ila kuku tu, tukacheka, lakini hakuna aliyefuta.

La kwangu lilikuwa kweli, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Nilikuwa nakaa kwa Bi Mize, kwenye chumba kimoja na ukumbi, na chini ya kitanda chetu ndani ya tenga bovu alikuwa ndio kwanza ameanza kuatamia kuku mmoja kuchi mwekundu mwenye miguu minene ya manjano. Bi Mize alikuwa amemwekea kipande cha mkaa kwenye kiota ili radi isiharibu mayai. Mayai yalikuwa kumi na moja, kwa sababu alikuwa haamini kumlalisha kuku isipokuwa kwa witiri, hesabu isiyogawanyika kwa mbili. Kuku huyo hakuwa wetu. Aliwekeshwa na Bi Time, bibi yake Riziki, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kwetu mtu humpa jirani kuku wake amtunze, na akitotoa, vifaranga hugawanywa. Kuku mwenyewe hubaki wa mwenyewe. Bi Time alimjua kuku wake popote, kwa sababu kila mguu ulikuwa na vidole vitano badala ya vinne, kile cha tano kidogo, kimeelekea juu kana kwamba hakitaki kukanyaga uchafu. Nilipomwomba Bi Mize mayai mawili ya skuli alinijibu huku anapepeta mchele, bila kuinua macho: "Kuku kawekeshwa, mwanangu. Mayai ya amana hayatolewi na mtu asiye mwenyewe." Nikaitikia vizuri. Alasiri aliposimama kuswali nikaingia uvunguni. Nilichukua mawili nikaacha tisa, ili witiri isiharibike. Ndivyo nilivyojiona mwenye adabu.

Bi Mize alipoyahesabu alilaumu kenge, akaziba tundu la ukuta kwa udongo. Nami nilimsaidia kuukanda udongo ule, na sikuona haya hata kidogo. Akili yangu yote ilikuwa kwenye sanduku. Siku ya saba Mwalimu alifunga madirisha kwa magunia ya karafuu, akatoboa tundu kwenye kasha la viatu, akaingiza tochi ndani na kuweka yai juu ya tundu. Yai likawaka lote, jekundu. Ndani mlikuwa na nyuzi nyembamba zimetawanyika, na katikati kijitone kinachoruka, kinatulia, kinaruka. Nilipofikiwa na zamu yangu lilikuwa yai langu mwenyewe, jina langu limesimama kwa penseli na kile kijitone kinapiga nyuma yake. Nililing'ang'ania mpaka Riziki akanifinya. Nimeona mengi kwenye hadubini tangu hapo, na sijapata tena kushtuka vile.

Wiki iliyofuata mahepe yaliingia mtaani, yale maradhi ya kuku yanayowapinda shingo na kuwamaliza nyumba kwa nyumba. Bwana mifugo alikuja skuli kutufundisha: kuku akifa achomwe, azikwe chini sana, na kila kitu chake kiteketezwe siku hiyo hiyo, ama sivyo ugonjwa hautaondoka. Niliandika neno kwa neno. Bi Mize alikuwa amekwenda Kojani kumtazama mgonjwa, na huko ukishavuka hurudi mpaka upate chombo. Nilipotoka skuli nilimkuta yule kuku amekufa juu ya mayai yake, shingo imegeukia mgongoni. Nililia kidogo, kisha nikafanya nilivyofundishwa. Nilikusanya makuti nyuma ya nyumba, nikamchoma kuku, nikachoma tenga na mayai tisa, nikachimba shimo mpaka kiunoni, nikafukia, nikanawa kwa sabuni ya kufulia. Nilijisifu. Bi Mize aliporudi kesho yake nilimpokea mlangoni na habari yote kama mtu anayesoma ripoti.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza jambo moja. "Miguu yake i wapi?"

Sikumwelewa. Akakaa kwenye kizingiti, buibui bado mwilini, akanieleza kwa sauti ya uchovu jambo ambalo kila mwanamke wa mtaa ule alilijua na ambalo hakuna aliyefikiri kumfundisha mtoto. Kuku wa amana akifa, aliyewekeshwa huikata miguu na kumpelekea mwenyewe aione, siku hiyo hiyo. Mwenyewe akishaiona huitupa, na maneno yamekwisha. Asipopelekewa miguu, basi kuku huyo hakufa. Aliliwa.

Bi Mize alikwenda kwa Bi Time mikono mitupu na mimi nyuma yake. Bi Time alitupokea vizuri, alitukaribisha mkeka, akasikiliza habari ya moto na ya bwana mifugo, akasema, "Haya. Mwenye kujua ni Mungu." Hakugomba. Ingekuwa heri angegomba. Tangu siku hiyo hakuja tena kuazima mbuzi wetu wa kukunia nazi, ambaye alikuwa akienda na kurudi baina ya nyumba mbili zile kila jioni mpaka sikujua hasa ni wa nani. Kwenye harusi moja, tukimenya vitunguu, nilimsikia nyuma ya pazia akiwaambia wenzake: "Mie sisemi kitu. Nasema tu kuku wangu kafa, na hata ukucha sikuuona." Wakaguna wote, mguno wa watu waliokubaliana. Bi Mize alikuwa amesikia pia. Alimaliza vitunguu vyake, akaaga, na baada ya hapo akawa haendi penye watu ila msibani. Alikuwa mwanamke aliyewekewa vitu na mtaa mzima, dhahabu za watu, funguo za watu, hati za mikarafuu. Na mmoja mmoja wakaanza kuja kuvichukua, kila mtu na kisingizio chake kizuri. Usiku tulikula wawili tu, sisi na muhogo wetu.

Nami nilijua lile ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Ndani ya sanduku la chai yalikuwamo mayai mawili ya kuku yule. Nikisema, nitakuwa mwizi wa amana ndani ya nyumba ya Bi Mize, na pengine watasema tumeshirikiana. Nisiposema, atabaki yeye ndiye mlaji. Nikajipa muda: yakitotolewa nitasema. Siku ziliposogea nikapata swali jingine, na naona haya kukiri kwamba lilinishughulisha kuliko dhambi yangu: je, watakuwa na vidole vitano? Nilimwuliza Mwalimu kama kifaranga hurithi mguu wa mama au wa baba. Alifikiri sana, akasema hajui, tungoje tuone.

Siku ya ishirini na moja tulifika asubuhi tukasikia sauti kabla hatujafungua mlango. Mlinzi wa skuli alikuwa amekaa mbele ya sanduku amefurahi kama babu aliyepata wajukuu. Nyuma ya kioo vifaranga walikuwa wamejaa, waliolowa na waliokauka, wa manjano, weusi, wa madoa, wanakanyagana, na chini yao maganda yamevunjika vipande vipande. Mwalimu Haji aliinama akatazama. Aliokota kipande cha ganda kilichoandikwa "Hama", kingine kilichoandikwa "kuc", akavishika mkononi muda mrefu. Kisha akacheka kwa aibu, akatugeukia na kutwambia kwamba ametusomesha kosa: tuliandika majina kwenye maganda, na wenye majina wametoka ndani ya maganda. Hili ndilo la pili nililoahidi. Katika kazi yangu yote sikuandika jina la mgonjwa kwenye kifuniko. Niliandika kwenye chupa, na vijana niliowafundisha walinicheka kwa ukali wangu.

Darasa likawa soko. Vishingo walijulikana mara moja kwa shingo zao tupu, lakini waliobaki kila mtu alidai kuchi ni wake, na kidimu haonekani mpaka aote manyoya. Mwalimu alifungua tena kitabu cha Ulaya, akakifunga tena. Akauliza kama yupo mtu Wete anayeweza kumtambua kuku angali kifaranga. Riziki akanyoosha mkono akasema bibi yake anaweza.

Bi Time alikuja kesho yake, amevaa kanga mpya chini ya buibui, akaketi kwenye kiti cha Mwalimu. Macho yake yalikuwa na ukungu, na ncha za vidole zilikuwa na sugu za kusokota kamba za makumbi, kwa hiyo hakutumia macho wala vidole. Alimpokea kifaranga wa kwanza, akamleta usoni, akaligusisha paji lake kwenye mdomo wa chini. "Yuno kuku tu," akasema, akamrudisha. Mwalimu alimwomba atueleze. Akaeleza kwa subira kwamba upanga wa kichwani umo tangu siku ya kwanza. Wa kuku tu umesimama kama uzi, wa kuchi umelala bapa, na mdomo wa mtu haudanganyiki. Mwalimu Haji akachukua kifaranga akajaribu mwenyewe, mbele yetu, macho amefumba. Kisha akatupanga mstari, na sote arubaini tukapita tukiwabusu vifaranga na kubishana, uzi, bapa, uzi, na Bi Time akitusahihisha. Kwa nusu saa nilisahau kwamba mimi ni mwizi. Nilipougusa ule ubapa wa kwanza, laini, hauna hata mstari, nilisikia furaha safi ya mtu aliyejua kitu.

Halafu akashika kifaranga mmoja mwekundu, akamgusisha mdomo, akatulia. Akamgeuza. Akapitisha mguu wake kwenye mdomo, polepole, kidole baada ya kidole, mguu wa kwanza kisha wa pili.

"Vitano," akasema. "Kuno Wete kuku wa vidole vitano nilikuwa naye mie tu. Yai la yuno kalileta nani?"

Maganda yalikwisha kutupwa. Hapakuwa na jina popote. Nikanyamaza, na ningeweza kunyamaza mpaka leo. Nilimtazama Mwalimu Haji, ambaye jana yake alisimama pale pale akasema kosa ni lake, na dunia haikuanguka. Nikasimama. Nikasema ni mimi niliyeyaiba uvunguni Bi Mize akiwa anaswali, na ni mimi niliyemchoma kuku kwa sababu bwana mifugo alisema, na kuhusu miguu sikujua. Nilisema kwa mpangilio, kwanza hili, kisha lile.

Bi Time aliniuliza, "Mize kajua?"

"Hakujua, Bibi. Aliliziba tundu akidhani ni kenge."

Alimtia kifaranga kwenye pindo la kanga, akaomba ruhusa kwa Mwalimu kwa adabu kamili, akatoka. Mwalimu akanipa ishara nimfuate. Tulitembea, yeye mbele, na kifaranga analia ndani ya kanga njia nzima. Bi Mize alikuwa amekaa mlangoni juu ya mbuzi, anakuna nazi. Alipotuona akaanza kusimama, lakini Bi Time aliwahi kuinama. Akamtoa kifaranga, akamlaza chali kwenye kiganja, ile miguu myembamba ikipiga hewa, akamsogezea.

"Mize," akasema, "miguu nimeiona."

Bi Mize alitazama. Alivihesabu vidole, nilimwona midomo ikitembea. Kisha akajifuta nazi mikononi, akanyanyuka, akampa Bi Time yule mbuzi wa nazi, na Bi Time akampokea na kumpakata. Hapakusemwa samahani. Kifaranga alibaki kwetu, amewekeshwa upya. Mimi sikupigwa. Bi Mize aliniadhibu kwa wiki nzima ya kutosemeshwa, kisha akaniamsha asubuhi moja na kunionyesha jinsi ya kukata miguu ya kuku kwenye maungio, mguu baada ya mguu, bila kuvunja mfupa.

Yote haya tulikuwa tukiyakumbushana, Riziki na mimi, uani siku ya khitma. Bi Time alikufa zamani, na kuku wakawa wa Riziki, na Bi Mize aliendelea kuwatunza kizazi baada ya kizazi bila hata siku moja kuwaita wake. Nilimgeuza kifaranga niliyemshika. Kile cha tano kilikuwapo, kimeelekea juu. Hapo ndipo nilipolia. Mazikoni machozi yalinigomea, nikaja kulia pale, mbele ya masinia, kwa ajili ya mwanamke ambaye niliwahi kumfanya mwizi kwa kufuata somo vizuri. Riziki aliniacha nimalize. Halafu akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akasema mwekeshwaji kafa na kuku hawawezi kukaa hawana mtu, na mimi kustaafu nimestaafu, kazi sina.

"Basi nakuwekesha weye," akasema. "Na safari hino akifa, usimchome."